Hodi Ndani ya Tangi

Katika karakana nzima hapakuwa na mtu aliyemwita kwa jina la kwenye kitambulisho chake. Alikuwa Mzee Hodi, basi. Kila alipomaliza mshono wa kuchomelea, akiisha kuvua kofia na kujifuta jasho kwa kiwiko, alitoa mfukoni nyundo ndogo yenye kichwa cha mviringo akaugonga mshono ule polepole, kuuzunguka wote, ngo, ngo, ngo, huku ameinamisha kichwa kama mgeni anayesubiri kufunguliwa mlango. Chuma kikiitika kwa mlio mmoja mrefu, alisema, "Haya, tumekaribishwa," akarudisha nyundo mfukoni. Kikiitika kwa mlio uliokatika katikati, aliukata mshono wake mwenyewe kabla mkaguzi hajafika.

Wanasema, na anayebisha ana hiari yake, kwamba mwaka mmoja aligonga bomba kubwa la maji, bomba likamjibu, "Nakuja," kumbe kulikuwa na mkaguzi aliyejilaza humo ndani akikwepa jua. Wanasema pia kwamba siku aliyokwenda kuposa aligonga mlango wa ukweni, akausikiliza, akamwambia baba wa binti kwamba ubao wa chini umeliwa na mchwa. Wakautazama, kweli umeliwa, na akakubaliwa kabla hajaonyeshwa kiti. Binti mwenyewe alipokuwa hai alikuwa akicheka na kusema mlango ule ulikuwa wa bati. Lakini hakuwahi kusema hayo mbele ya mumewe.

Mtu aliyepewa kazi ya kuipima mishono ya Mzee Hodi alikuwa mume wa binti yake mkubwa. Yeye karakana ilimwita Mkwe. Hata watu waliomzidi umri, hata mlinzi wa getini, hata mwanamke aliyeleta chai, wote walimwita Mkwe, mpaka ungedhani kiwanda kizima kimemzaa mke wake. Mzee ndiye aliyemwingiza kazini, akamfundisha kuvaa glavu, akamfundisha kunyamaza mbele ya wakubwa na kusema mbele ya chuma. Kwa hiyo Mkwe alikuwa na deni la mke na deni la riziki kwa mtu mmoja, na madeni ya namna hiyo hayalipiki. Mtu huyabeba tu kwa adabu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo kuitazama. Alikuwa na chombo cha kushika mkononi chenye ncha ya almasi. Alisugua chuma mpaka king'ae, akaikandamiza ncha, ikaacha tundu dogo kuliko jicho la sisimizi, na chombo kikalisoma tundu hilo na kutoa namba. Tundu likiwa dogo sana, chuma ni kigumu. Likiwa kubwa kidogo, chuma ni laini. Wapita njia walimtania kwamba analipwa mshahara kwa kuchoma chuma sindano, na wakamwomba awaangalizie kama kina homa.

Mgeni wa kazi hudhani chuma kikiwa kigumu ndiyo kizuri. Matangi yale hayakuwa ya wageni wa kazi. Yangebeba gesi inayonuka yai viza, gesi ambayo ukiinusa kidogo unakunja uso, na ukiinusa nyingi huinusi tena, kwa sababu pua hufa kwanza halafu wewe unafuata. Gesi hiyo ikichanganyika na maji huingiza sumu yake mpaka ndani ya chuma. Chuma chenye ulaini wa kutosha hujinyoosha kidogo kikavumilia. Kilichozidi ugumu hakijui kujinyoosha. Hukaa kimya, kizuri kwa macho, kisha siku moja kinapasuka kama bilauri. Ndiyo maana matangi yale yalitandikwa ndani kwa aloi ya nikeli, madini yenye subira kuliko chuma cha kawaida, na ndiyo maana masharti ya kazi ile yaliweka mpaka: thelathini na tano kwenye chombo cha Mkwe. Juu ya hapo mshono haukubaliwi, awe ameuchomelea nani.

Mshono wa mwisho wa tangi la mwisho ulikuwa wa Mzee Hodi. Wakubwa walikuwa wameshamwahidi kwamba ukipita, hatarudi nyumbani kama wenzake wa kibarua. Atabaki kuwa mkuu wa matengenezo mitambo ikiwashwa, na atapewa ofisi yenye feni na kiti kinachozunguka. Alikuwa mjane. Nyumbani palimngoja redio na paka asiyemheshimu. Zaidi ya hayo, kitindamimba wake alikuwa ameajiriwa kwa kazi ya zamu, katika chumba ambacho kingeachana na tangi hilo kwa upana wa njia ya toroli. Mzee alikuwa akiwaambia watu kwamba atamwangalia kijana wake kazini na kuangalia mshono wake ukimlinda, yote kwa wakati mmoja, bila kuinuka kwenye kiti.

Mkwe aliingia ndani ya tangi mchana, kwa tumbo, kupitia mlango wa duara usiozidi upana wa mabega. Taa ilining'inia kwenye ndoano. Mshono ulikuwa umenyooka, viwimbi vyake vimepangana kama magamba ya samaki, kazi ya mtu ambaye mkono wake haujui kutetemeka. Akasugua sehemu moja, akakandamiza ncha, akatazama. Arobaini na moja.

Akadhani chombo kina kisirani. Akatoa mfukoni kipande cha mfano, ambacho ugumu wake unajulikana, akakipima. Chombo kilisema kweli. Akarudi kwenye mshono, akasugua mahali pengine, akapima. Arobaini. Akasogea mbele ya hapo. Arobaini na mbili.

Ndipo akaisogeza taa mpaka karibu na ukuta, akaona. Juu ya mshono, na pembezoni mwake kila upande, chuma kilikuwa na vishimo vidogo vya mviringo, kimoja karibu na kingine, kama uso wa mtu aliyewahi kuugua ndui. Nyundo. Mzee alikuwa amebisha hodi kama kawaida yake, ila safari hii hakuwa amegonga mara moja na kusikiliza. Alikuwa amegonga na kugonga na kugonga, kama mtu anayejua kuna watu ndani na hawataki kumfungulia.

Sasa, chuma cha kawaida kilikuwa kimemvumilia maisha yake yote. Nikeli haina tabia hiyo. Ikichomelewa na kuachwa ipoe, haina neno na mtu. Ukiigonga ikiwa baridi inajikaza, na kila pigo linaongeza ukaidi juu ya ukaidi. Mhandisi alilisema jambo hili siku ya kwanza ya kazi, uwanjani, mbele ya mafundi wote: aloi hii haipigwi nyundo. Mkwe aliikumbuka siku hiyo vizuri, kwa sababu baba mkwe wake alikuwa amesimama ubavuni pake, na alikuwa wa kwanza kutikisa kichwa akisema ndiyo, ndiyo.

Akatoka. Hakwenda kwa mtu. Alikwenda kwenye matangi ya nyuma, yaliyokwisha kupita, akaingia moja baada ya jingine na taa yake, kibarua mmoja akimkalia nje. Tangi la kwanza lilikuwa na alama hafifu, hapa moja, pale moja, hodi ya mtu mwenye adabu, na namba zake zilikuwa chini kabisa. La katikati lilikuwa na alama zaidi, na namba zilikuwa zimepanda ingawa hazijavuka mpaka. Namba za lile la karibu na la mwisho zilikuwa zikikanyagana na mpaka wenyewe. Alipotoka kwenye hilo aliketi chini, mgongo kwenye ukuta wa tangi, akakaa hapo mpaka buti zikaanza kumbana.

Mlangoni mwa tangi la mwisho alikuwa ameketi Mama Filimbi, mlinzi wa mlango. Sheria haimruhusu mtu kuingia ndani ya tangi bila mwenzake kukaa nje akimwangalia na kumsemesha, na huyo mwenzake alikuwa yeye, mwanamke mpana mwenye filimbi shingoni na maoni juu ya kila ndoa ya karakana. Mkwe alimwuliza kama Mzee alikuwa na hasira siku alipokuwa akiumalizia mshono ule. Mama Filimbi akamwambia kwamba Mzee hajawahi kuwa na furaha kama siku hiyo. Mkwe akamwuliza, mbona aligonga sana? Mama Filimbi akaishika filimbi yake akaigeuzageuza. Kisha akafungua mkoba, akatoa kamba nyembamba iliyokunjwa vizuri.

"Hii naifunga kwenye kifundo chake cha mguu," akasema. "Nikimwita, navuta. Mwanzo nilikuwa naita kwa mdomo. Halafu nikaita kwa filimbi. Sasa navuta."

"Tangu lini?"

"Mkwe, mimi naangalia mlango. Kalenda siangalii."

Akamweleza yaliyobaki kwa sauti ya chini, na kwa Mama Filimbi sauti ya chini ni sauti ambayo watu wa mashine ya tatu tu ndio wanaisikia. Siku ile Mzee alipogonga, tangi liliitika kama kengele. Lililia mpaka yeye akaziba masikio kwa viganja. Mzee akatulia, akainamisha kichwa, akangoja. Akagonga tena, kwa nguvu zaidi. Mama Filimbi alidhani ni sherehe ya mshono wa mwisho, akamwachia.

Jioni Mkwe hakula vizuri, na mkewe si mtu wa kuachia jambo hilo lipite. Akamwambia yote. Mwanamke alisikiliza huku akikunja nguo za watoto, na alipomaliza kukunja alizikunjua akazikunja upya. Akasema siku hizi akienda kumwamkia baba yake humkuta ameketi na kiganja juu ya redio, kama anayepima homa ya mtoto. Alidhani ni mapenzi tu, kwa kuwa redio ile ilikuwa ya mama yao. Mkwe akasema, nusu akimuuliza, kwamba vishimo vile mtu angeweza kuvipitisha msasa kidogo juu juu, vikafifia, na chombo kikawekwa mahali ambapo nyundo haikufika. Mahali hapo papo, ukipatafuta. Mkewe hakumgombeza. Alimtajia tu mdogo wake, kitindamimba, kwa jina la utotoni ambalo kijana mwenyewe hapendi kuitwa mbele za watu, na akauliza kile chumba chake cha zamu dirisha linaelekea wapi.

Halafu akasema, "Mwambie wewe. Asiambiwe na mtu wa ofisini."

Asubuhi Mzee Hodi alikuwa kwenye benchi la chumba cha kubadilishia nguo, akifunga kamba za buti. Alikuwa amenyoa. Shati lilipigwa pasi mpaka mikunjo ikawa na makali. Mkwe akachuchumaa mbele yake, akainamisha macho kama inavyompasa mtu mbele ya baba mkwe wake, akaziambia buti zile kwa sauti ya heshima:

"Baba, mshono haukupita. Umezidi ugumu. Itabidi uondolewe wote."

Mzee akamwekea mkono begani. Uso wake ulikuwa umechangamka.

"Vizuri, mwanangu. Vizuri sana. Mimi nilijua." Akasimama, akampa mkono, kisha akaongeza na wa pili juu yake. "Sasa nenda ukamwambie Mhandisi kiti hicho kisiwe cha bluu. Bluu inanikumbusha hospitali."

Mafundi wawili waliokuwa wakivaa wakageuka kumpongeza. Mzee akawapa mkono nao. Mkwe alibaki amechuchumaa mbele ya benchi tupu, na kwa muda mfupi, mfupi sana, jambo likamwonyesha mlango wa kutokea: mzee ameambiwa, ameridhika, na anayetaka zaidi ni nani? Kisha akasimama, akamfuata nje, akamgusa kiwiko na kumwonyesha tangi kwa kidole. Mzee akadhani anaitwa kuupiga mshono wake picha ya kumbukumbu. Akaingia kwa tumbo bila kujali shati lake.

Mkwe alikuwa amechagua mahali pale kwa sababu moja. Kumpazia sauti baba mkwe ni jambo ambalo hakuwahi kulifanya, hata kwa utani, na kama ni lazima lifanyike, lifanyike pasipo na macho ya watu. Ndani ya tangi walikuwa wawili tu. Wakaketi wakitazamana, magoti yakigusana, taa katikati. Akavuta pumzi.

"Baba! Mshono haujapita!"

Mkwe alijua mengi juu ya chuma, ila asubuhi hiyo alisahau kwamba tangi tupu ni kengele na wao walikuwa ulimi wake. Sauti ilizunguka, ikanenepa, ikatoka kwa mlango wa duara, ikaenea uwanja mzima. Mashine za kusagia zikanyamaza moja baada ya nyingine. Mahali fulani spana ilianguka, na hakuna aliyeiokota.

Mzee alikuwa amekunja uso.

"Unanipigia kelele za nini?"

"Kwa sababu husikii, Baba."

"Nani kasema?"

Mkwe hakumtaja Mama Filimbi. Alimshika mkono, akamvua glavu, akakiweka kidole chake juu ya mshono na kukipitisha polepole. Kidole kile kilikuwa kimesoma vyuma miaka mingi kuliko umri wa Mkwe. Kilikwenda juu ya vishimo, kikasimama, kikarudi, kikaenda tena. Mzee hakuuliza ni vya nini.

"Nilikuwa nagonga halijibu," akasema hatimaye. "Nikasema labda aloi hii ina sauti ndogo. Nikazidisha kidogo."

"Lilikuwa linajibu." Mkwe hakuweza kulisema polepole. "Lilikuwa linalia kama kengele. Watu walikuwa wanaziba masikio."

Mzee akatazama ukuta uliokuwa ukimlilia siku ile yote.

"Mbona hamkuniambia nikeli haigongwi?"

"Tuliambiwa wote. Siku ya kwanza. Ulikuwa umesimama na mimi, Baba, bega kwa bega."

"Nikasema nini?"

"Ulisema ndiyo, ndiyo."

Huko nje palikuwa kimya kama msikitini kabla ya adhana, kimya cha watu wengi wanaojizuia kukohoa. Mzee akakitoa kidole kwenye mshono, akakitazama kana kwamba kimetoka na kitu. Akauliza namba. Mkwe akamwonyesha chombo, akakirudisha kwenye kipimo cha jana cha mshono ule. Mzee akakisoma. Akaelekeza kichwa upande ambao chumba cha zamu kilikuwa kikipakwa rangi.

"Hapo nyuma atakaa yule mtoto," akasema.

"Ndiyo."

"Basi uondolewe." Akaivaa glavu yake, kidole kimoja kimoja. "Mwite Mhandisi. Nataka anisikie mimi, asikusikie wewe."

Kumwita hakukuhitajika. Kichwa cha Mama Filimbi kilikuwa kimeshajaa kwenye mlango wa duara.

"Yupo hapa, Mzee," akasema. "Tupo wote. Hata walinzi wa getini wamesikia." Akakumbuka, akarudia kwa kelele, na machozi yakamshuka hapo hapo katikati ya kelele.

Mhandisi alikuwa mwanamke mfupi asiyependa maneno ya ziada. Alimsikiliza Mzee akisema kosa lake mwenyewe, waziwazi, bila kulivalisha nguo. Kisha akaeleza. Kusugua ngozi ya juu peke yake hakutafaa, kwa sababu tandiko la nikeli ni jembamba, na nyundo imeingia ndani kuliko linavyoweza kupunguzwa. Mshono utachimbwa wote na kuchomelewa upya. Tangi la jirani nalo litapimwa tena kila upande kabla halijafungwa. Mzee akauliza nani atachomelea. Mhandisi akawatazama vijana wawili hodari waliokuwa nyuma yake. Vijana wale, ambao wiki nzima walikuwa wakisema kwamba Mzee amewazibia njia, wakagundua kwamba buti zao zina vumbi.

"Gesi bado haijaingia," Mzee akasema. "King'ora cha kuonya gesi ikivuja bado hakina kazi. Acheni niuchimbe mwenyewe, niushone mwenyewe. Nyundo chukueni."

Mhandisi akakubali, kamba ikiwa mguuni. Halafu akasema jambo jingine, na akalisema akimtazama Mzee usoni, wala hakumtazama Mkwe. Mzee aliona midomo ikisogea. Akamgeukia Mkwe.

"Amesema nini?"

Mkwe akasema tutazungumza baadaye.

"Sema. Kwa sauti ile ile."

Basi Mkwe akasimama katikati ya uwanja, mbele ya mafundi na wapaka rangi na mwanamke wa chai, akapaza sauti kwa mara ya pili siku ile: kwamba mitambo ikiwashwa, mtu asiyesikia king'ora haruhusiwi kuvuka geti, kwa usalama wake na wa wengine, na kwamba hakuna fundi wala mkubwa aliyewahi kusamehewa sharti hilo. Maneno yalimtoka yote. Hakumeza hata moja.

Mzee akatikisa kichwa. Lakini safari hii hakusema ndiyo, ndiyo. Alisema, "Mwambie nimesikia." Akatoa nyundo mfukoni, akampa Mkwe, akaomba jiwe la kusagia.

Kuuchimba mshono kulichukua muda mrefu kuliko kuuchomelea. Mkwe aliikalia nafasi ya Mama Filimbi mlangoni, kamba imezungushwa kwenye kiganja, na Mama Filimbi akaketi kando yake akilalamika kwamba ameshushwa cheo na hata filimbi hajaambiwa airudishe wapi. Kisha kuchomelea kukaanza. Mwanga wa kuchomelea ulitoka kwa mlango wa duara ukacheza juu ya kofia za watu waliokuwa wakijifanya wana shughuli upande ule. Mzee alikwenda polepole. Alipofika mahali pagumu pa kugeuza mkono alisimama, akapumzika, akaendelea. Kamba haikuvutwa hata mara moja.

Mwanga ukazimika. Wakasikia kofia ikiwekwa chini. Mkwe alichungulia, akamwona Mzee anaacha mshono upoe kwanza, na akauona mkono wake wa kulia ukishuka wenyewe mpaka mfukoni, ukapapasa mfuko mtupu, ukabaki humo kidogo kama umesahau ulichofuata. Kisha ukatoka, ukapanda, na kiganja kikalala bapa juu ya ukuta wa tangi, kando ya mshono.

Mkwe akaelewa. Akazunguka upande wa nje, mpaka mahali alipokisia kiganja kile kilipo, akakunja ngumi, akagonga ukuta kwa nyama ya ngumi, ambayo haiwezi kuacha alama hata kwenye siagi. Hodi. Akangoja. Akagonga tena, kwa nguvu kidogo, mpaka akauona ukuta unatetemesha vumbi lake. Mama Filimbi, aliyekuwa ameshika kamba badala yake, akaiinua juu ili aione: ilikuwa imevutwa ikakaza.

"Karibu!" Sauti ya Mzee ilitoka ndani, kubwa mno, sauti ya mtu asiyejisikia tena, na tangi likaibeba kama lilivyozibeba nyingine.

Mkwe akaingia kwa tumbo na chombo chake. Mzee ndiye aliyemshikia taa. Mkwe alisugua, akakandamiza ncha, na kila namba ilipotokea Mzee aliisoma kabla mwenzake hajafungua mdomo, akaitangaza. Ishirini na mbili. Ishirini na moja. Ishirini na tatu. Nje hakuna aliyeshangilia. Walizisikia namba zikija moja moja, wakivua kofia bila kujua ni kwa nini. Wa mwisho kuvua alikuwa mmoja wa wale vijana wawili.

Siku ya kuwashwa mitambo wageni waliketi kwenye viti vya plastiki na hotuba zilikuwa ndefu. Kabla gesi haijafunguliwa, king'ora kilijaribiwa. Mkwe alikuwa juu ya jukwaa karibu na matangi, na kutoka hapo alimwona Mzee Hodi upande wa pili wa uzio, amevaa lile shati la mikunjo, amekuja kumtazama kitindamimba wake akiingia zamu ya kwanza. King'ora kililia. Ndege waliondoka kwenye paa, wageni wakashika vifua, na watu wote wa njiani wakageuka kwa pamoja. Mzee peke yake hakugeuka. Alikuwa akitazama dirisha la chumba cha zamu, mkono mmoja umeshika nguzo ya chuma ya uzio.

Kisha Mkwe akaona vidole vile vinakaza juu ya nguzo. Na Mzee, baada ya wengine wote, akainua uso wake polepole kuelekea kule juu king'ora kilikokuwa kikilia.